Waokaji wa Kuazimwa wa Makongeni

Kitendawili: halimi, hauzi, hafundishi, na viatu vyake vinang'aa hata siku ya matope. Umeshindwa? Nipe mji. Umenipa Thika, nimeenda, nimekula, nimeshiba, nimerudi. Jibu ni Ngigi.

Asubuhi hiyo Ngigi alikuwa Ruiru, ndani ya hoteli ya chapati na ndengu, akinywa chai polepole kama mtu ambaye bado hajajua nani atailipia. Meza ya nyuma walikaa mwanamke mwenye faili na dereva wake. Sikio la Ngigi liliondoka kichwani likaenda kuketi nao. Mwanamke huyo, Mourine, alifanya kazi na Wakfu wa Mkono Wazi, na shida yake ilikuwa ya ajabu: alikuwa na laki saba za kupatia kila kikundi cha akina mama waokaji, na vikundi havikutosha.

"Watu wanaogopa fomu," alisema Mourine.

"Na kutembelewa," akasema Tobias, dereva. "Wengi tukifika tunapata kufuli."

Ngigi aliweka kikombe chini. Fomu hakuziogopa, alikuwa amejaza nyingi, kwa majina mengi. Alihitaji tu wanawake kumi na wawili, oveni moja na asubuhi moja.

Akauza pikipiki yake. Hiyo pikipiki ilikuwa kitu pekee alichowahi kununua kwa jasho lake mwenyewe, hata mama yake aliitolea ushuhuda kanisani. Lakini laki moja iende, laki saba zirudi, hesabu kama hiyo hata mtoto wa nasari haimshindi. Akanunua oveni ya gesi ya mitumba, magunia mawili ya unga, na aproni kumi na mbili za rangi ya machungwa.

Akafika Makongeni kwa Cucu Warigia, nyanya mjane aliyeuza mandazi mlangoni pake na ambaye wapangaji wa ploti nzima walimsikiza.

"Cucu, ni maigizo kidogo tu. Mgeni akija, nyinyi ni kikundi cha miaka mitano na mimi ni mwenyekiti. Kila mmoja anaenda nyumbani na pakiti ya unga na kilo ya sukari."

"Na wewe unaenda na nini?"

"Baraka, Cucu."

Cucu Warigia alimtazama vile mtu anavyotazama maziwa yanayokaribia kufurika. "Sawa, kijana wangu. Lakini mimi sikandi unga wa uongo. Tukikanda, tunaoka."

Ngigi hakuona ubaya. Na hilo, wapendwa, ndilo lilikuwa kosa lake. Wanawake kumi na wawili wa Makongeni unaweza kuwakodisha wakakuigizia kikundi. Lakini ukiwaketisha chumba kimoja mara tatu, hao hawaigizi tena, hao ni chama. Siku ya kwanza ya mazoezi walioka, wakauza mikate yote mlangoni. Siku ya pili jirani mmoja, Aoko, alikuja na daftari na kalamu mbili. Siku ya tatu kulikuwa na faini ya kuchelewa.

"Shilingi hamsini," Aoko alimwambia Ngigi alipoingia saa nne na robo.

"Mimi ni mwenyekiti."

"Mwenyekiti ni mia."

Alilipa akicheka, maana daftari lilizidi kufanana na la kweli. Aoko alipouliza oveni waiandike vipi, Ngigi akasema, "Andika ni mali ya kikundi, imetolewa na rafiki mwema. Wageni wanapenda hayo." Kisha akatia sahihi yake hapo chini, ile ndefu yenye mkia.

Ngigi akajaza fomu ya Wakfu, akaipeleka, na wiki ya sita Mourine akaja. Ngigi alimpokea kwa suti.

"Karibu, madam. Kabla hatujaanza, kuna kuku wawili wako na kitenge."

"Asante, lakini hatupokei zawadi. Hata maji nimekuja na yangu."

"Hata kimyakimya?"

"Hiyo ndiyo mbaya zaidi," akasema Tobias.

"Na wanachama tunaongea nao peke yao kwanza," Mourine akaongeza. "Mwenyekiti atatungojea nje."

Ngigi akasimama kando ya tangi la maji. Alisikia kimya, kisha kicheko, kisha kimya tena, na hicho cha pili hakukipenda. Alipoitwa ndani, Mourine alikuwa amefungua fomu.

"Bwana Ngigi, Cucu ameniambia kikundi kina wiki sita, si miaka mitano. Na kwamba mwanzo walikuja kuigiza."

"Cucu, tulikubaliana nini?"

"Tulikubaliana niseme sisi ni kikundi. Nimesema. Hiyo miaka ndiyo ilinishinda. Nikidanganya, uso wangu unatangulia kuniripoti."

"Ukweli ndio tunatafuta kwanza," alisema Mourine. "Wiki sita ni chache kwa laki saba, lakini tuna ruzuku ya kuanzia, laki mbili. Mikate nimeiona, wateja nimewakuta mlangoni. Akaunti iliyo kwenye fomu ina jina la mtu mmoja, Bwana Ngigi, na ni lako. Hiyo tumeifuta. Watafungua ya kikundi, sahihi tatu, na viongozi wachaguliwe sasa hivi."

Wakachagua kwa mlolongo. Ngigi alinyoosha tai, maana laki mbili nazo si mchanga, akahutubia mpaka jasho likamtoka. Wanawake wakajipanga nyuma ya Cucu Warigia mpaka wakatoka nje ya mlango. Nyuma ya Ngigi alisimama mzee mmoja. Ngigi akageuka, machozi karibu yamtoke, akampa mkono.

"Mimi nangoja mkate," alisema mzee.

"Basi mimi naenda na oveni yangu," Ngigi akasema.

Aoko alifungua daftari bila haraka, akasoma. "Rafiki mwema. Hii sahihi yenye mkia ni ya nani?"

 Mourine aliitazama sahihi, akaitazama fomu, ambayo ilikuwa na nambari ya kitambulisho cha Ngigi. "Ni wewe uliwapa? Bila masharti?"

Ngigi aliiona pikipiki yake, kisha akauona mlango wa polisi, akapima.

"Bila masharti," alisema, kwa sauti kama ya mtu aliye chini ya kitanda.

Wakampigia makofi. Cucu Warigia akamwombea, akimsihi Mungu amkumbuke huyu kijana kwa usafiri. Maombi yalipoisha, Ngigi alichukua mkate mmoja mezani.

"Sabini," akasema Aoko.

"Lakini unga ni mimi nilinunua."

"Na tunashukuru, yawa. Lakini madam ametufundisha: anayetoa msaada hachukui kitu kwa aliyemsaidia."

Alilipa sabini. Akaanza kuelekea mjini kwa miguu, akimega mkate mkavu. Ulikuwa mtamu kweli, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.