Chavua ya Daktari Maua

Kitu cha kwanza binti alichokiona akiwa mlangoni pa bucha ni kwamba yule mgeni alipita kwa muuza maua ameziba pua kwa leso. Kisha akaingia buchani, macho hayakugusa nyama, yakatua kwenye vidonge vya kaka wa binti, mwenye bucha aliyemlea, kando ya mizani. Uso ukamng'aa kama paka aliyesikia chungu kikifunuliwa.

"Lehemu?" akauliza kwa sauti ya matangani.

"Lehemu, mafuta kwenye damu," akakiri kaka, ambaye juzi tu alianguka chali nyuma ya gogo la kukatia nyama.

Basi Daktari Maua, jina alilojipa mwenyewe pamoja na udaktari, akatoa kopo la unga wa njano. Chavua, vumbi la maua, tena imekamuliwa kitaalamu. Inafagia mafuta kwenye mishipa na kuuzuia mwili usishike kutu.

Kwani mwili ni bati? binti akawaza. Yeye na maneno walikuwa hawajazoeana.

"Wameijaribu kwa panya, mzee. Wote wazima."

"Una uhakika?"

Daktari akalamba kijiko kizima, akatabasamu kwa meno ya njano. Bei yake ni paja la ng'ombe kila Jumamosi.

"Na vidonge vya hospitali?"

"Tupa. Mafahali wawili hawakai zizi moja."

Methali ya ng'ombe kwa muuza nyama ni kama sheria. Kaka akashika vidonge, mkono ukaelekea ndoo ya mifupa.

Binti akachomoka mpaka kwa muuza maua, akarudi na ua la alizeti, akalikung'uta chini ya pua ya mgeni.

"Na hii je, daktari? Haijakamuliwa."

Chafya ya kwanza iliangusha kopo. Ya pili ilimgonganisha na paja alilokuwa akilimezea mate.

"Ajabu," kaka akasema taratibu, kisu mkononi. "Ya kopo umeilamba, hukupiga chafya hata moja."

Wifi, mke wa kaka, akatoka jikoni, akachovya kidole kwenye unga uliomwagika, akaonja.

"Bizari hii. Tena nzuri. Daktari, kopo lako utuachie, jikoni ilikuwa imeisha."

Daktari hakubishana na mwenye kisu. Akaondoka mikono mitupu, akipiga chafya mpaka kona ya mtaa.

Kaka akacheka mpaka akashika gogo. "Kumbe una mdomo, wewe mtoto."

Binti akamimina maji kwenye kikombe, akakisukuma pamoja na kidonge.

"Kaka, sina mwingine wa kuniita mtoto. Meza."