Kompyuta Bubu kwenye Harusi ya Stella

Jumanne, 26 Desemba 2006
Laptop imefika nyumbani. Nimeipata mpakani Holili kwa kubadilishana na baiskeli yangu. Mwenyewe alikuwa na haraka sana ya kuondoka, bahati yangu. Nyimbo zimejaa tele. Jumamosi dada Stella anaolewa, na muziki ni juu yangu. Filbert, mpiga muziki wa harusi zetu, na deki yake ya kaseti nimeshamwondoa: niliiambia kamati ya harusi kwamba deki inatafuna kanda. Haitafuni. Lakini ingeweza.

Jioni nimewasha. Wimbo unatembea kwenye kioo, sauti hakuna. Nimepandisha sauti hadi mwisho. Kimya. Nimezima, nimewasha. Kimya. Ni unyevu wa mlimani tu.

Jumatano, 27 Desemba
Nimeipandisha darini juu ya jiko, katikati ya ndizi zinazoivishwa, ipate joto. Mama alipopanda kuchukua ndizi akauliza hii nayo itaiva lini. Hana imani, mama huyu. Sauti bado hakuna, na sasa inanuka moshi. Stella ameuliza kama muziki uko tayari. Nimesema tayari kabisa. Amesema wakwe wanatoka Moshi mjini, hataki aibu siku yake. Nimemwambia alale usingizi.

Alhamisi, 28 Desemba
Nimekwenda Mkuu sokoni kwa Nurdin, fundi redio. Amelimulika tundu la hedifoni kwa tochi, akacheka. Ncha ya pini ya hedifoni imevunjikia humo. Kompyuta inadhani kuna mtu kavaa hedifoni, basi sauti yote inampelekea yeye. Amesema niiache, aichomoe polepole kwa njiti yenye tone la gundi kali. Mwenye haraka ataliziba tundu moja kwa moja. Niiache ya nini? Siri nimeshaijua.

Nyumbani nimetia tone. Nikaliona dogo, nikaongeza. Njiti imeganda ndani na kukatika. Kidole changu nacho kiliganda kwenye kompyuta mpaka Mama alipoleta maji ya moto.

Ijumaa, 29 Desemba
Nurdin anajiandaa na Idd, hataki hata kuishika. Amesema tundu hilo sasa ni ukuta, na yeye si mwashi.

Harusi kesho! Nimekata jani la isale uani, nikaenda kwa Filbert. Aliyekuletea isale kuomba msamaha humkatalii, hata kama alikuchomea nyumba. Ndivyo tulivyolelewa huku Rombo. Filbert alilipokea jani. Akasema, “Umeniharibia jina kwa kamati nzima, Fredy. Ila isale ni isale.” Nikamshukuru. Papo hapo nikamwomba alete deki, apige akiwa nyuma ya pazia, laptop ikae mbele mezani. Amekubali kwa ajili ya Stella, amesema, si kwa ajili yangu.

Jumamosi, 30 Desemba
Tulianza vizuri mno. Maharusi wakaingia, muziki ukalia, mimi mbele nabonyezabonyeza. Wakwe wakasogea kuangalia. Mjomba wa bwana harusi akasema kweli dunia imeendelea. Ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, ilipoletwa, betri ikaisha. Kioo cheusi. Muziki ukaendelea. Nami nikaendelea kubonyeza. Mjomba akaenda kufunua pazia. Filbert akamwamkia shikamoo.

Ukumbi mzima ulicheka. Stella hakucheka. Alilia mbele ya wakwe zake, na shela halikumficha.

Jumapili, 31 Desemba
Nimemfuata Stella Moshi na jani la isale. Amelia upya, kisha amelipokea. Amesema nisimwaibishe tena maishani. Nimeumia, kweli nimeumia. Njiani nimelitafakari jambo hili kwa makini. Kosa lilikuwa betri.

Kesho mjomba wetu Antoni atakuwa kwenye misa ya mwaka mpya asubuhi nzima. Redio yake ni nzima, na pale Holili wanaweza kunibadilishia na betri. Isale lake nimeshalikata. Nimelitia kwenye kikombe cha maji lisinyauke, maana sitarudi mpaka jioni.