Barabara ya Mazishi ya Mama Ezinwanyi

Jumatatu, 5 Agosti

Mvua tangu alfajiri. Korongo limekula mita mbili nyingine za barabara ya zahanati. Pikipiki hazivuki tena. Abiria anashuka, anavua viatu, anateremka kwa makalio, halafu anapanda upande wa pili akimwomba Mungu. Na hapa nyumbani yupo Ukamaka, binti yangu, amekuja kujifungulia kwetu kwa kuwa mumewe yuko kwenye visima vya mafuta baharini. Tumbo linamtangulia mlangoni. Mkunga kasema mwisho wa mwezi. Nilimtazama akila ugali wa muhogo, nikajiuliza huyu nitamteremsha vipi kwa makalio. Hamu ya kula ikaniisha. Nilikula, lakini bila hamu.

Jioni kikao cha umoja wa mji. Katibu wetu, Bwana Nnorom, akasimama na miwani yake akatusomea barua ya kumi na moja kwa serikali ya jimbo. Kumi na moja! Zile kumi zilijibiwa kwa sentensi moja, kwamba suala limepokelewa na linafanyiwa kazi. Kazi yenyewe tunaisikia redioni. Serikali inajenga kipilefti makao makuu ya jimbo, katikati yake maji ya kurushwa juu na taa za rangi saba. Mzee mmoja akauliza kama maji hayo yananyweka, maana bomba letu lina miaka sita halijatoa hata jasho. Watu wakacheka, kisha hasira ikawapanda.

Nikasema barua ni kazi ya watu wasiojua biashara. Nnorom akaniambia nikae. Nikakaa. Lakini nina wazo.

Jumanne, 6 Agosti

Wazo lenyewe hili hapa. Sijamwambia mtu, hata mke wangu Nwakaego.

Mwaka jana seneta mmoja alimzika mama yake kule Umuokwara. Wiki mbili kabla ya mazishi, greda, changarawe, lami nyeusi tii! Ikaenda mpaka getini kwake, haikuzidi hatua moja. Niliiona mwenyewe, kwani mimi ndiye niliyewakodishia maturubai na viti mia tatu. Kwetu barabara haiji kwa kura wala kwa kodi. Inaletwa na maiti ya heshima.

Sasa basi, Kamishna wa Barabara wa jimbo letu ni mtoto wa hapa hapa Amaudele. Kwao ni ng'ambo ya korongo, na zahanati iko mbele yake kidogo. Mama yake, Mama Ezinwanyi, ana miaka tisini na moja.

Mungu anisamehe. Sitaki afe. Nataka tu ionekane anakaribia.

Alhamisi, 8 Agosti

Siku ya soko. Nimewaambia watu watatu tu: fundi cherehani, mama muuza okpa, ule mkate wetu wa njugu mawe, na mwimbaji mmoja wa kwaya. Kila mmoja nilimwapisha asiseme. Siri ilizunguka soko zima kabla sijamaliza okpa yangu. Saa nane ikanirudia imenenepa: Mama Ezinwanyi hali chakula tangu Jumapili, na padri kashaitwa. Nnorom mwenyewe alinivuta pembeni kuninong'oneza, kwa madaha, kana kwamba habari ni yake. Nikamwambia loo, masikini, sikuwa najua.

Jumamosi, 10 Agosti

Ushindi! Wapimaji wa Kamishna wamekuja na gari jeupe. Wamepaka alama nyekundu kwenye miti, kwenye nguzo, na kwenye ukuta wangu niliopaka chokaa juzi. Nimeusamehe ukuta. Mchana lori likashusha greda, la manjano, kubwa kama kanisa dogo. Machozi yalinilenga.

Wanapima kutoka njia panda hadi geti la Mama Ezinwanyi. Nikamuuliza mpimaji kuhusu zahanati, hatua mia nne tu mbele. Akasema karatasi inasema getini. Nikaona si neno, muhimu korongo livukwe. Halafu bwana mmoja akaulizia bei ya maturubai. Nikamtajia ya seneta.

Nwakaego akataka kujua kwa nini natabasamu peke yangu. Nikamjibu kwamba serikali imeanza kusikia kilio cha wananchi. Akaniangalia muda mrefu sana.

Jumatatu, 12 Agosti

Balaa.

Mama Ezinwanyi kaja sokoni. Kwa miguu! Kavuka korongo na fimbo yake, kaja kununua samaki mkavu. Muuza samaki akaangusha kisu. Mwingine akafanya ishara ya msalaba. Mama akauliza kulikoni, akaambiwa yeye ni mahututi, akauliza tangu lini. Kisha akapandisha kelele mpaka akashushiwa bei ya samaki.

Saa sita mwanawe kampigia simu. Saa saba dereva wa greda kaamriwa kuzima injini. Lori la kulibeba linakuja Alhamisi, greda linahitajika kule kwenye kipilefti.

Na hapa sicheki. Dereva alikuwa ameshakata kingo zote mbili za korongo ili aweke njia. Palipokuwa na shimo la kuteremka kwa makalio sasa pana ukuta wa udongo. Watu wanateremka kwa kamba. Ukamaka alikwenda kuona, akasimama pale ameshika kiuno.

"Baba, sasa mimi nitapita wapi?"

Hakunilaumu, alikuwa hajui bado. Ningefurahi kama angenipiga kofi. Nimejifungia stoo kwenye viti vyangu, nimelia.

Nilipotoka mji mzima ulikuwa unajua. Fundi cherehani kanitaja, muuza okpa kanitaja. Nnorom anaandika barua ya kumi na mbili, na inasemekana jina langu limo.

Jumanne, 13 Agosti

Mama Ezinwanyi ameniita. Nimeteremka kwa kamba, nimefika na matope hadi kiunoni. Nilidhani nakwenda peke yangu. Kumbe nyuma yangu anakuja Nwakaego na kamati nzima ya Mkutano wa Agosti, wale wanawake wetu wanaorudi nyumbani kila mwaka kutoka Lagos, Aba na Kano kuja kuunyoosha mji. Nwakaego ndiye mwenyekiti wao. Hakunisemesha njia nzima.

Mama akaniamuru nieleze tangu mwanzo. Nikaeleza. Habari za seneta, za maiti ya heshima, za okpa. Alicheka mpaka akakohoa, nikaanza kupata moyo. Ghafla kicheko kikakatika, akashika pindo la kitenge chake.

"Kwa hiyo mwanangu ana barabara ya maiti yangu," akasema. "Ya miguu yangu hana."

Akajifuta macho. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe, na mimi ni mtu niliyezoea.

Kisha akasema vizuri, kama ni mazishi tu ndiyo yanayoleta greda, basi azikwe. Jumamosi hii. Yeye atakuwepo. Mimi nilete maturubai yote na viti vyote, bure. Bure! Nikafungua mdomo, Nwakaego akaufunga kwa jicho. Mama Ezinwanyi akamgeukia Nwakaego akamwomba jambo moja tu: lile greda lisiondoke.

Alhamisi, 15 Agosti

Wanawake mia nne, viti vyangu mia tatu. Wanakaa kwa zamu kulizunguka greda, wote kitenge kimoja cha zambarau, na nyimbo ambazo nusu yake zinanihusu mimi. Dereva kazingirwa humo ndani. Kalishwa wali mwekundu na kuku mara nne tangu asubuhi. Ameulizwa kama amefungwa, akasema hapana, aachwe.

Lori lilikuja, likatazama, likageuza. Polisi wawili nao wakaja. Mmoja akamwona shangazi yake mstari wa pili, akavua kofia, akamwamkia, akaulizia hali ya mgongo wake, wakaondoka. Nnorom alifika na barua ya kumi na mbili akitaka kuwasomea. Wakampa mwavuli amshikie mama mmoja aliyeketi kwenye jua kali. Ameushika saa mbili. Siku njema mno!

Nwakaego amenisemesha. Amesema, "Sogeza kile kiti."

Jumamosi, 17 Agosti

Nimeshika kalamu kabla ya kuvua viatu.

Magari saba ya Kamishna yalifika saa nne yakakwama kwenye korongo. Kamishna katoka na kanzu yake nyeupe na kofia nyekundu. Katazama kushoto, katazama kulia. Kavua viatu. Na mimi, Okwudili Anozie, nikamwona kwa macho yangu mawili Kamishna wa Barabara akiteremka kwa kamba, kamba ikamponyoka, akamalizia kwa makalio. Watu elfu nzima hawakucheka. Walingoja afike chini.

Mama Ezinwanyi alikuwa ng'ambo ya pili, chini ya turubai langu kubwa, kavaa vyake vya sherehe, picha yake imewekwa pembeni na maua kama marehemu. Kamishna akamwinamia akamwambia kwa sauti ya chini, mama, mbona waniaibisha mbele za watu. Mama akasema kaitiwa mazishi, basi azike. Kamishna akaanza kueleza bajeti. Akaeleza msimu wa mvua, utaratibu wa zabuni, na kwamba kipilefti kitavutia wageni. Mama akamuuliza kama akiugua apelekwe kwenye yale maji ya rangi. Wanawake hawakutoa sauti. Nimeishi na Nwakaego miaka thelathini, naujua ukimya ule, unatisha kuliko kelele.

Ndipo Mama Ezinwanyi akamwita Ukamaka asogee. Ukamaka kavushwa asubuhi ile juu ya ngazi yangu ya kufungia maturubai, wanawake wanane wameibeba, mimi nimefumba macho.

"Ulipokuwa na miaka minne uliwaka homa," mama akamwambia mwanawe. "Nilikubeba mgongoni nikapita hapa hapa mpaka zahanati. Huyu nani atambeba?"

Kamishna alimtazama Ukamaka, akatazama tumbo, akatazama matope kwenye kanzu yake. Sijui nini kilimpita moyoni. Labda homa ile. Labda wapiga kura elfu moja wenye simu za kupiga picha. Akatoa simu akapiga pale pale. Mama akamtaka arudie kwenye kipaza sauti, changu, na kilifanya kazi. Greda linabaki. Makalavati ya kupitishia maji yanakuja Jumatatu. Barabara inakwenda hadi zahanati.

"Na ukifika getini kwangu," mama akasema, "usisimame."

Nilikuwa wa kwanza kupiga makofi. Nnorom anadai ni yeye. Anaota.

Jumanne, 27 Agosti

Mimi ni babu!

Uchungu ulimshika Ukamaka saa tatu asubuhi. Nikampakia kwenye pikapu yangu ya maturubai pamoja na mama yake. Tukavuka korongo juu ya makalavati mapya. Si lami, ni changarawe, lakini imeshindiliwa, na mifereji imechimbwa pande zote, kwa sababu wanawake waliketi pale kila siku na kuhesabu kila lori hadi la mwisho. Dakika saba hadi zahanati. Dakika saba! Mtoto wa kike, mzito, mwenye sauti ya mkutano. Anaitwa Ezinwanyi. Nililia mbele za watu na sikujali. Nnorom alinishika mkono, nami nikamshika, ila yeye aliuachia mapema.

Mama Ezinwanyi kaja kumwona wajina wake, kwa miguu yake mwenyewe, akilalamika kwamba changarawe inamchoma nyayo. Wanawake wameahirisha kurudi Lagos kwa wiki moja. Bomba la maji ndilo linalofuata. Wameshachagua wajumbe watano wa kwenda kuketi ofisini mpaka wajibiwe, na mji mzima unatembea kifua mbele. Sijapata kuuona hivi.

Nami nimeapa. Mbele ya Mama Ezinwanyi, mbele ya Nwakaego, mkono juu ya kichwa cha mjukuu wangu, nimeapa kutosema uongo tena juu ya afya ya mtu yeyote. Nimeapa kwa moyo wote. Nimejifunza.

Zahanati haina umeme. Muuguzi alipima uzito wa mtoto kwa tochi ya simu saa tano mchana, chumba kile hakina dirisha. Nguzo zinaishia njia panda. Nikitafakari hilo wakati narudi, nikapishana na Mzee Ogbuehi, anayekaa nyuma ya zahanati. Ni baba mkwe wa Kamishna wa Umeme. Ana miaka tisini na nne. Alikuwa na mzigo wa kuni begani, anapiga mluzi.

Sisemi kitu. Ila alisimama kupumzika mara mbili, na uso wake, kwa jinsi nilivyomwona mimi, umepauka.