Gunia Jeusi Lililovuka Ua wa Mwinyihaji

Sogeeni, enyi mliokalia majamvi na enyi mliokalia ndoo zilizopinduliwa! Anayechambua mchicha na auweke kando, anayechezea simu na ailaze kifudifudi, maana habari ninayoifungua leo haisikizwi kwa sikio moja. Wengine wamekusimulieni vita vya majemadari na miji iliyoanguka. Mimi nakusimulieni gunia. Naam, gunia! Na anayecheka sasa, nitamwuliza mwishoni kama bado anacheka.

Alikuwako shujaa huko Msambweni, Mwinyihaji bin Adnan, ambaye jina lake likitajwa katika hoteli za Diani, wapishi wa zamani hufuta mikono na kusimama wima. Huyu ndiye simba wa sinia, jemadari wa kitambaa cheupe, aliyewaandalia meza wageni wa mataifa yote tangu ndevu zake zi nyeusi hata zikawa nyeupe, asimwage tone la supu. Alipostaafu alilitundika koti la kazi ukutani, lakini adabu ya kazi haikutundikika. Kwake yeye mgeni hashiki kitu. Mgeni huketi, akaletewa.

Shujaa huyo alikuwa na adui mmoja wa kudumu, nao ni mchanga wa ua wake. Mchanga mweupe, mchanga wa pwani, usio na fadhila wala haya! Aliumwagilia ndoo asubuhi, na adhuhuri ulikuwa mkavu kana kwamba hawakuwahi kujuana. Mirehani yake ilikonda hata mbuzi wa jirani waliionea huruma. Mwasmini nao ulikuwa haujachanua tangu mwaka juzi, na mkewe Tumu alikuwa ameacha kuulizia.

Lakini humo nyumbani mlikuwa na jambo jingine, nalo lilimuuma bintiye Nusra kuliko ukame wa mirehani. Nusra aliolewa na Abdurahman, mfugaji wa kondoo kutoka malisho ya juu kule Nyandarua, ambaye kabla ya kusilimu aliitwa Onesmus. Kijana mpole, swala hazimpiti, mkewe anamtunza vyema. Mwinyihaji hakupata la kumlaumu, basi akampiga kwa silaha kali kushinda lawama: akamkaribisha. Kila alipokuja, aliwekewa kiti chenye mto, sinia lenye kitambaa, maji ya kunawa, na "karibu mgeni wetu" zisizohesabika. Akiinuka kuchota maji, ndoo inanyakuliwa. Akiutazama ufagio, ufagio unafichwa. Mwaka wa pili huo, na mtoto wa watu bado anaketi ukumbini, mikono mapajani, kama aliyekuja kuposa jana.

"Baba," Nusra alimwambia siku moja, "mume wangu amechoka kukaribishwa."

"Kwani amekosewa nini? Sinia lilichelewa?"

Nusra akaingia ndani akalia. Mwinyihaji alimsikia, na moyo ukamchoma, lakini angesemaje? Mgeni huja akaondoka. Huyu alipoondoka mara ya kwanza aliondoka na Nusra, akampeleka kwenye baridi ambako watu hulala na blanketi tatu, na baba mtu hakuwa amemsamehe.

Ikatimu siku ya tukio, Nusra akiwa ametangulia kuja kwa wazazi. Bodaboda ilisimama langoni, na juu yake yuko Abdurahman amekumbatia gunia la katani, kubwa kama beberu, limetoka Nyandarua kwa basi na kuvuka Likoni kwa feri.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, marahaba, karibu mgeni wetu."

"Nimekuletea udongo wa kwetu. Nilisikia mirehani inateseka."

Mwinyihaji akalitazama gunia. Wakwe wenzake huletewa kanzu na saa. Yeye hakuna aliyewahi kumletea kitu alichokuwa akikihitaji kweli. Akakohoa tu.

Kumbe Salimu, jirani yake na mtani wake, yuko juu ya ukuta wa ua, miguu inaning'inia, anatafuna korosho. Akapaza sauti: "Mwinyi! Udongo gunia zima, na mgongo wenyewe huo unaoinamia rukuu kwa mashaka? Mwachie kijana abebe. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu wako mwaka wa pili hajauona hata mpini!"

Abdurahman alikuwa ameshanyoosha mkono. Mwinyihaji akaruka katikati kama ngao. Akakaza kikoi, akasoma bismillahi, akainama kulikabili gunia kwa nguvu zote za mtu anayenyanyua jiwe. Lahaula! Gunia likaruka begani kama mto wa usufi, nusura limpeleke chali. Salimu akasahau kutafuna.

Hapo ndipo kiburi kilipomwingia shujaa wetu. Akalitua gunia kwenye ukuta wa nyumba, chini ya mchirizi wa bati, akainua kidole, akanena:

"Sikilizeni, watu wa mtaa huu, na wewe Salimu mla korosho za watu! Naapa mbele yenu nyote: mkono wa mgeni hautaligusa gunia hili. Mimi mwenyewe nitalivusha ua na kulifikisha penye mirehani kabla ya alasiri. Likinishinda, Salimu na aniite kikongwe hadharani, nami niitike labeka!"

"Nimesikia," akasema Salimu. "Na ukuta umesikia."

Mbona hakulibeba papo hapo? Msiniulize mimi, mwulizeni Tumu, aliyeita kwamba wali wa nazi unapoa na samaki wa kupaka hangoji viapo. Wakala. Katikati ya chakula mbingu zikafunguka, mvua ikashuka juu ya bati kwa kishindo cha jeshi linaloshuka mlima. Abdurahman akainuka nusu.

"Baba, naomba nikaliingize lile gunia. Udongo ule una—"

"Mgeni wangu hanyeshewi. Ongeza mchuzi."

"Lakini baba, udongo ule—"

"Tumu! Mgeni hana limau!"

Abdurahman akaketi, akapewa limau.

Mvua ikapita upesi kama ilivyokuja. Mchanga wa ua ukaimeza na kukauka. Majirani wakakusanyika, maana Salimu alikuwa ameshatangaza. Na gunia je? Lile lile, kimya, halivuji tone. Mwinyihaji akalikaribia akitabasamu kwa majirani, akainama, akavuta.

Gunia halikutikisika.

Akavuta tena. Mishipa ya shingo ikasimama, kofia ikainama upande, kikoi kikaanza kuomba ruhusa ya kuondoka. Akalizunguka, akalishambulia kwa nyuma, akalisukuma kwa bega, akalibembeleza, akalitukana kwa sauti ya chini. Akalikumbatia kwa nguvu, na kwenye matundu ya katani ukachuruzika uji mweusi, laini, unaoteleza kama sabuni ya maji. Miguu ikamtoka. Simba wa sinia, ambaye hakuwahi kumwaga tone, akaketi kwa kishindo katika matope ya Nyandarua.

"Kikongwe—" akaanza Salimu.

"Alasiri bado!" akafoka Mwinyihaji. Kisha akamgeukia mkwewe, na kwa mara ya kwanza katika miaka hiyo akamwuliza swali. "Hili gunia limekula nini?"

Abdurahman akasogea, na kwa kuwa aliulizwa, akanena:

"Limekunywa mvua, baba. Asili ya udongo huu ni majivu. Milima yetu ilitapika moto zamani ambazo hakuna babu anayezikumbuka, majivu yakatua juu ya malisho. Kule juu ni baridi. Nyasi zikifa haziozi upesi, hulaliana mwaka baada ya mwaka, ndiyo ukawa mweusi hivi. Ukikauka ni mwepesi, umejaa vitundu vitupu. Ukinyeshewa unainywa mvua yote na kuificha, hautoi tone mpaka uubonyeze. Asubuhi nyingine barafu huota ndani yake kama sindano na kuuinua, kondoo wakipita unadidimia. Tena ni mchoyo. Mbolea ukiupa huikamata, haiachii mmea kwa urahisi. Lazima uishi nao, uubembeleze kwa samadi na majivu ya jikoni, ndipo utoe."

"Mwinyi!" Salimu akapiga kelele ukutani. "Udongo huu ni nduguyo, tumbo moja!"

Ua mzima ukaangua kicheko. Tumu akacheka mpaka akaegemea mlango. Nusra hakucheka, alisimama na leso mdomoni, akimtazama baba yake.

Mwinyihaji, akiwa bado amekaa chini, akayainua macho. Muadhini wa alasiri alikuwa anaweza kuanza wakati wowote. Kiapo ni kiapo: mkono wa mgeni haukuwa na ruhusa. Akamtazama yule kijana aliyelikumbatia gunia toka Nyandarua hadi Msambweni, kisha akazuiwa kulisogeza hatua chache za mwisho. Alikuwa amesimama kando, mikono ameifumbata, kama mtoto ambaye wenziwe hawajamwita mchezoni. Na Mwinyihaji akaona haya, haya ya kweli, iliyompanda mpaka masikioni.

Akajizoa, akasimama, akavuta pumzi, na sauti iliyomtoka ilikuwa ile aliyowatolea wanawe wa kuwazaa.

"We Abdurahman! Umesimama hapo kama nguzo ya stima, unangoja uletewe kadi ya mwaliko? Hunioni nakufa? Shika pembe hiyo!"

 Korosho ikamponyoka Salimu.

"Mwinyi," akasema Salimu polepole, "uliapa mkono wa mgeni..."

"Mgeni yuko wapi hapa?" akanguruma shujaa. "Nionyeshe mgeni! Mimi namwona mwanangu, tena mvivu!"

Abdurahman alikuwa ameshashika. Wakalinyanyua pamoja, mmoja akisema "huku" na mwingine akisema "hapana, huku," wakagombana njia nzima, wakamkanyaga kuku, wakapita kisima na kamba ya nguo, wakalibwaga penye mirehani. Papo hapo adhana ikaanza. Nusra akapiga kigelegele huku machozi yanamtiririka, na Salimu, mtani mwaminifu, akatupa korosho zake hewani.

Haya basi, yaandikeni enyi waandishi, na msiopata karatasi yashikeni kichwani: ya kwamba siku hiyo, Msambweni, baina ya adhuhuri na alasiri, gunia jeusi lilivuka ua wa Mwinyihaji bin Adnan, kiapo kisivunjwe. Tumu alipotokea na sinia la kahawa, lilikuwa na kikombe kimoja tu. Abdurahman akalitazama, asiamini.

"Chako kiko jikoni," akasema Mwinyihaji bila kugeuka. "Kajitilie. Na ukirudi njoo na jembe, liko nyuma ya mlango."

Akaenda kujitilia, akaimwaga kahawa nusu, wala hakuna aliyekuja kumsaidia.