Picha Mama na Watoto Wake

Jumatano, tarehe 4 Juni

Nina miaka sabini na tisa. Nimezika redio nne, baiskeli tatu na daktari aliyenikataza chumvi. Simu isinitishe!

Mjukuu wangu anaolewa Jumamosi, ng'ambo huko, na mimi ndiye wa kumpa nasaha kwa video. Leo tumejaribu. Kufungua mdomo tu, akapiga kelele: babu, umekatika vipande! Eti jicho liko shavuni, mdomo umepanda kwenye kofia. Jumamosi ikiwa hivi, nasaha atatoa shemeji yangu, jirani wa ukuta kwa ukuta. Yule! Tunamwita Kiti cha Mbele, maana hata msibani hakai nyuma. Mke wangu akasema kaka yake angalau anajua kufupisha.

Alhamisi, tarehe 5

Kwa fundi simu. Kaeleza. Video ni kubwa, haipiti nzima nzima. Inabanwa, inakatwa vipande viitwavyo pakiti, nyingine zinapotea njiani. Nikauliza anazipoteza nani. Akasema hakuna mtu. Hapo nikajua anamficha mtu.

Kuna picha mama, ndiyo nzima. Zinazofuata ni watoto, zinabeba kilichobadilika tu. Mama akipotea, watoto wanahangaika, sura inakuwa viraka. Dawa: mama anatumwa pamoja na akiba, pakiti moja ikipotea nyingine inaziba pengo. Akaniwekea kinga hiyo, akasema mzee wangu, sasa nenda kaongee kama kawaida.

Kama kawaida! Mtu wa akili zangu?

Ijumaa, tarehe 6

Nimefikiri kutwa. Watoto wanabeba kilichobadilika. Nisipobadilika, hawana cha kubeba. Hawana cha kubeba, hawana cha kupoteza! Fundi hakuliona hilo. Na maneno nitayatuma na akiba: kila moja mara tatu.

Nimefanya mazoezi mbele ya kabati, midomo haitikisiki. Mke wangu kauliza kama nimekaza taya. Kiti cha Mbele kapita na suti kutoka kwa dobi. Nikamuuliza, shemeji, unakwenda kuzikwa? Akasema la, nangoja wewe uanguke.

Jumamosi, tarehe 7

Nimekaa kama kinu. Nikaanza: mjukuu mjukuu mjukuu, mume mume mume. Nzi akatua puani. Sikutikisika! Akapanda kwenye nyusi. Sikutikisika! Nikamwona mjukuu, shela kichwani, anafuta kioo cha simu kwa kitambaa. Analalamika kwamba babu ameganda, sauti inajirudia, na hapa kuna nzi hafutiki. Nilitaka kumwambia. Lakini ningetikisika.

Wakakata.

Punde, ng'ambo ya ukuta, Kiti cha Mbele akatoa nasaha. Nasaha yangu! Ile ya wasilale wamenuniana. Nikamsikia mjukuu analia, anamshukuru. Kilio kile kilikuwa changu.

Jumapili, tarehe 8

Fundi kaangalia simu. Kasema jana picha ilifika safi, hakuna kilichopotea. Tatizo, mzee, ni wewe. Mimi nimeyasikia vizuri maneno yale ya mwanzo: picha safi. Ushindi!

Mjukuu kapiga kuomba radhi. Anataka nasaha yangu kesho, mimi na yeye tu, na nitikise mikono nicheke kama zamani. Mtoto ana heshima, ila mambo ya mtandao hayajui. Kosa nimeshaliona: nilipepesa macho. Mara mbili! Kesho nitaongea nimefumba.

Asiyeamini kwamba sikutikisika amuulize fundi. Amuulize mke wangu, akimaliza kucheka. Shahidi wa karibu kabisa alikuwa nzi, lakini mke wangu kamuua asubuhi kwa kandambili.