Mpango wa Kushindwa kwa Pointi Mbili

Jumatatu, 3 Machi
Nimesema uongo. Mdogo tu, lakini una miguu. Baba wa mchumba wangu ni kocha mstaafu wa mpira wa vinyoya, yaani badminton. Leo kapita dukani, akauliza kama naujua mchezo. Mimi ni fundi miwani, kazi yangu ni kukaa. Nikajibu nilikuwa bingwa wa chuo. Akafurahi mno. Jumamosi saa nne asubuhi, mimi na yeye, ukumbi wa shule.

Jumanne, 4 Machi
Mchumba kanipa habari kwa nia njema, zikanimaliza. Daktari wa meno aliyemposa kabla yangu alimfunga mzee ishirini na moja kwa nane. Mzee akasema huyo hana adabu. Aliyefuata akaambulia pointi tatu. Mzee akasema huyo mlegevu, hata ndoo hawezi kubeba. Kwa hiyo nisishinde, na nisiaibike. Jibu limenijia nikiwa nasugua lenzi: nishindwe ishirini na moja kwa kumi na tisa. Nimeikata lenzi ya mteja kombo.

Jumatano, 5 Machi
Dada yangu, muuguzi, yeye alicheza chuoni kweli. Kacheka mpaka akakaa chini, kisha akanifundisha uani, kamba ya nguo ndiyo wavu. Kinyoya kikianguka, kuna pointi, haijalishi nani aliyeanzisha. Aliyepata pointi ndiye anayeanzisha. Pointi zako zikiwa shufwa, anzia kulia. Zikiwa witiri, kushoto. Unapoanzisha, piga chini ya kiuno, kimshazari. Kikigusa mstari, kimo ndani. Wa kutangulia kufika ishirini na moja ameshinda. Akataka kunieleza habari ya ishirini kwa ishirini. Nikamwambia asijisumbue. Mimi naishia kumi na tisa.

Jumamosi, 8 Machi
Naandika harakaharaka, mwandiko unisamehe.

Mchumba ndiye alikuwa mwamuzi. Sifuri kwa sifuri, naanzisha mimi, nikasimama kushoto. Mzee akakohoa. Nikasema nanyoosha misuli, nikahamia kulia.

Halafu mambo yakawa mambo. Nikipiga nje kwa makusudi, mzee anapiga kwenye wavu. Nikikosa, anakosa. Kumi na tisa kwa kumi na tisa. Nikatupa moja, akafika ishirini. Imebaki moja tu, nikashukuru Mungu. Mzee akaanzisha, moja kwa moja wavuni.

Ishirini kwa ishirini. Mchumba akatangaza kwamba sasa lazima mmoja atangulie kwa pointi mbili. Kumbe ndiyo habari niliyomkatiza dada. Ishirini na tatu kwa ishirini na tatu. Ishirini na saba. Mzee anahema kama mvukuto, nami nawaza: akizimia hapa, nitaolewa na nani? Nitaoa nani, nilitaka kusema. Ishirini na tisa kwa ishirini na tisa. Nikajiambia pointi moja haiamui kitu, acha nipige moja ya heshima. Kinyoya kikatua juu ya mstari wa nyuma.

“Thelathini,” mchumba akasema. “Seti imekwisha.”

Kumbe thelathini ndiyo kikomo. Nikadai kimetoka nje. Akauliza fundi miwani gani haoni mstari mweupe. Akashuka kitini, akasema katazama watu wazima wawili wakigombania kushindwa, na anataka kujua kwa nini. Mzee akainama. Akasema alitaka nishinde mimi, kwa kuwa binti mwenyewe alimwomba asimfukuze mchumba wa tatu. Mimi nikakiri kwamba ubingwa sina, na raketi nimeishika mara ya kwanza Jumatano.

Mchumba akasema mechi ni seti mbili kati ya tatu, na zilizobaki zichezwe kweli. Nikafungwa ishirini na moja kwa mbili, kisha kwa moja. Mzee akanishika bega. Akasema mchezo sijui hata kidogo, lakini leo nimesema kweli, nije na wazee wangu.

Jumapili, 9 Machi
Nimemwapia mchumba: uongo basi. Nimelala mchana kama mtoto.

Jumatatu, 10 Machi
Shangazi yake mchumba kapiga simu. Ni mwalimu mkuu, timu ya wasichana wake haina kocha, na mashindano ni baada ya wiki mbili. Akauliza kama ni kweli nilimfunga kaka yake thelathini kwa ishirini na tisa. Nikasema ni kweli, na ni kweli. Akauliza kama nimewahi kufundisha.

Nikamwuliza mazoezi yanaanza saa ngapi.