Bwana Yangu Anaomba Viza

Leo nimeaibika, wapendwa wa hii grupe. Tulikuwa kwa Maman Furaha, jirani wetu wa hapa Muhumba, sababu kwake internet haikatike. Tulikuwa yeye, mi, binti yangu Nabintu, na mujukuu wangu Murhula, mwenye nimelea toka mama yake alikufa. Murhula anataka kwenda kusoma Ulaya. Hajafikisha miaka kumi na munane, njo maana watu wa viza walitaka kunisikia kwa video, mi mulezi. Nikikosea, anabaki.

Nikavaa kitenge cha ndoa ya Nabintu. (Kumbe wanaona kichwa tu.)

Kulikuwa Madame Karine mwenye kuuliza kwa Kifaransa, na Salimu, mutu wa pwani, anatafsiri. Kifaransa yangu inaishia kwa bonjour.

"Shikamoo. Wewe ni bibi yake Murhula?" Salimu akaniuliza.

Sasa, kwetu bibi ni muke. Na Murhula njo jina la muzee wangu, mwenye alinioa kule Kalehe. Alikuwa anaanza kucheka mbele ya kufika mulangoni. Mujukuu alirizi jina na ile cheko, na sawa makoko (mama ya wazazi) wote wa kwetu Bushi, namwita bwana yangu.

"Ndiyo," nikajibu. "Mi bibi yake. Huyu ni bwana yangu."

Salimu akasogea karibu na kamera.

"Samahani, bibi. Umesema bwana?"

"Bwana. Toka alikuwa na siku moja."

Salimu akatafsiri polepole. Madame Karine akavua miwani.

"Koko, nyamaza, unaniua," Murhula akanong'ona.

"Lakini yeye aliandika hajaoa," Salimu akasema.

"Anadanganya. Na bibi mwingine sitaki." (Nilizani tunacheka pamoja.)

Nabintu akaninyang'anya telefone, akaeleza kwa Kifaransa kama kwetu koko na mujukuu wanaitana vile, ni masihara tu. Madame Karine akacheka mpaka akapanguza macho. Kisha akauliza, "Basi, unamuruhusu bwana yako aende?"

Hapo cheko ikaniishia. Murhula wa kwanza, muzee wangu, alitoka asubuhi kwenda soko, moyo wake ukasimama njiani.

"Aende," nikasema. "Wa kwanza alienda bila kuniaga. Huyu ameniaga."

Madame Karine akavaa miwani tena, akasema kwa upande wake dosie imepita.

Maman Furaha anasema sikusema "bwana", nilisema "mupenzi". Kama nimesahau, mwenye alikuwa pale anisahihishe. Lakini asinicheke: niko mujane mara ya pili.